Deiwaka kwenye Bendi ya Roki: Mwongozo wa Mpiga Gitaa na Besi wa Kanda ya Ziwa

Simu ya kazi hii huja usiku, tena kwa haraka. Mpiga besi wa bendi ya roki kutoka Nairobi au Dar kaumia mkono, au kafiwa, au kagombana na wenzake wakiwa Musoma, na Ijumaa wana shoo Mwanza. Mtu amewapa namba yako uwe deiwaka wao, yaani mshika nafasi wa muda. Wengi wetu huku tumekulia kwaya, bendi za dansi na kumbi za harusi. Roki tumeifahamu kwa kuisikiliza kwenye simu. Hilo lisikutishe. Kidole kilichozoea sebene la dakika kumi kinaweza kupiga roki. Tabu iko kwenye mambo mengine, na ndiyo nitakayoyaeleza hapa, kuanzia simu inapoita hadi unapolipwa.

Hatua ya 1: Kabla hujasema ndiyo

Usitaje bei mpaka ujue siku. Meneja atakwambia "shoo nne tu, kaka," nawe utapiga hesabu ya shoo nne. Lakini shoo nne kuzunguka ziwa hili zinaweza kumeza wiki nzima na zaidi: siku ya kwenda, siku ya mazoezi, siku ya kusubiri kivuko, siku ya kurudi. Hesabu siku zote ambazo hutakuwa nyumbani, halafu jiulize siku hizo zingekuingizia nini hapa mjini. Kama Jumamosi ulikuwa na harusi Nyakato na Jumapili unapiga kanisani, hizo pesa unazoziacha ndizo sakafu ya bei yako. Chini ya hapo unawafadhili.

Kisha uliza nani analipa nauli, mnalala wapi na wangapi chumba kimoja, posho ya chakula ni kiasi gani kwa siku, na shoo ikifutwa mkiwa tayari njiani inakuwaje. Uliza pia kama vibali vimekamilika, yaani vya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na ofisi ya utamaduni ya wilaya husika. Si kazi yako kuvifuatilia, lakini shoo ikisimamishwa getini, pesa ya kwanza kupotea ni ya deiwaka.

Mkishakubaliana kwa mdomo, andika. Si lazima mkataba wa wakili. Ujumbe wa WhatsApp unatosha, mradi ujibiwe. Mimi hutuma kitu kama hiki:

"Kaka, nathibitisha. Shoo nne, Musoma hadi Bukoba, Jumatano mpaka Jumanne. Malipo kiasi hiki kwa shoo, posho kiasi hiki kwa siku, malazi na nauli juu yenu. Nusu inaingia kabla sijasafiri. Iliyobaki usiku wa shoo ya mwisho, kabla ya kupakia vyombo. Shoo ikifutwa nikiwa nimeshaondoka Mwanza, nalipwa nusu ya shoo hiyo. Nijibu 'sawa' tukubaliane."

Maneno "kabla ya kupakia vyombo" yana sababu. Vyombo vikishaingia kwenye gari, simu ya meneja huisha chaji.

Hatua ya 2: Jifunze nyimbo, ukianza na miisho

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Watakutumia albamu. Ipokee, shukuru, halafu omba na video ya shoo yao ya karibuni, hata kama imerekodiwa kwa simu na mtu aliyesimama karibu na baa. Albamu itakudanganya kwa njia tatu. Kwanza, waimbaji wengi wa roki hushusha kii (usawa wa sauti ya wimbo) jukwaani, mara nyingi nusu hatua, kwa sababu koo la studio si koo la shoo ya tatu mfululizo. Pili, mwendo wa jukwaani huwa wa kasi zaidi. Tatu, na hili ndilo kubwa, nyimbo nyingi kwenye albamu zinaisha kwa sauti kufifia taratibu. Jukwaani hakuna kufifia. Kuna mahali watu watano wanakata kwa pamoja, na wewe usipopajua utabaki unaunguruma peke yako mbele ya ukumbi mzima.

Ndiyo maana nashauri utaratibu huu: jifunze mwisho wa kila wimbo kwanza. Halafu mwanzo. Halafu vituo vya katikati, pale ambapo bendi yote inanyamaza kwa mapigo mawili na kurudi. Halafu kiitikio. Beti ziache mwisho. Deiwaka akikosea noti moja katikati ya beti, hakuna atakayejua isipokuwa mpiga dramu. Akiingia mapema kwenye kimya, watajua hadi wauza karanga.

Sisi wa dansi tuna mazoea mawili ya kuyaacha nyumbani. La kwanza ni kungoja ishara. Kwenye sebene tunazunguka mpaka kiongozi ainue mkono, na kila mzunguko una nafasi ya kuongeza utamu. Kwenye roki mizunguko mara nyingi imehesabiwa: solo ni baa 16, yaani vipimo 16 vya mapigo, ya 17 ni kiitikio, umependa hujapenda. Zihesabu. La pili ni kujaza. Gitaa tatu za dansi zinasukana, kila moja inakaa kwenye upenyo wa mwenzake. Gitaa la roki na besi mara nyingi hupiga kitu kilekile, kwa wakati uleule, wakiwa wamejifunga na dramu kubwa ya mguu. Besi ya dansi inaongea. Ya roki kazi yake mara nyingi ni kusimama kama nguzo. Mpiga besi mzuri wa dansi huteseka sana na hili kwa siku mbili za mwanzo, kwa sababu anahisi hafanyi kazi. Anaifanya.

Tyuni. Uliza mapema, tena kwa kila wimbo. Bendi nyingi za roki hushusha nyuzi zote nusu hatua. Nyingine hushusha ule uzi mnene peke yake kutoka E hadi D, ili kodi nzito (noti kadhaa kwa pamoja) zipigwe kwa kidole kimoja kilicholala juu ya nyuzi tatu. Ukiwa kwenye tyuni hiyo, kila noti ya uzi huo imesogea vyumba viwili (nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa) mbele, na mkono wako hautakumbuka bila kuzoeshwa. Uzi ukilegea sana huanza kugongagonga kwenye shingo ya gitaa. Funga seti nene zaidi siku chache kabla ya safari ili zitulie. Na kama orodha ina tyuni mbili, mwombe kiongozi azipange nyimbo za tyuni moja zifuatane, au uazime gitaa la pili. Kutyuni jukwaani huku mwimbaji akichekesha watu ni aibu ya bure.

Halafu andika karatasi. Nyimbo zote zienee upande mmoja, herufi kubwa, kalamu nyeusi, kwa sababu taa za jukwaani nyekundu hufuta wino mwekundu kabisa. Usiandike kila kitu. Andika yale tu yatakayokuokoa:

"Na. 4. Kii E. Inaanza dramu peke yake, naingia baa ya 5. Beti ya 2 fupi, mistari 4. KIMYA mapigo 2 baada ya kiitikio cha pili. Solo 16. Mwisho: mapigo 3, la tatu linakatwa, halivutwi."

Hiyo "halivutwi" ndiyo tofauti kati ya mtu aliyejifunza na aliyesikiliza.

Zipige kwa kufuata orodha ya shoo, ukiwa umesimama, gitaa likiwa limening'inia kwenye mkanda kama litakavyokuwa. Ukizoea kupiga umeketi kitandani, mkono wa kushoto utashangaa siku ya kwanza.

Kwa wanaodhani hii ni kazi ya wasiojulikana tu: Juni 1964 Ringo Starr wa Beatles aliugua tonsili siku moja kabla ya ziara. Wakamwita Jimmie Nicol, mpiga dramu wa London. Alasiri alifanya nao mazoezi studio, kesho yake alikuwa Copenhagen jukwaani, na akaendelea nao hadi Australia, ambako Ringo aliwakuta. Hakuotea. Nicol alikuwa ameshazipiga nyimbo zao kwenye rekodi ya bei nafuu ya kuiga Beatles. Kwa hiyo kama kuna bendi tatu za roki zinazopita Mwanza mara kwa mara, jifunze nyimbo zao tano tano kuanzia leo, kabla hajaugua mtu.

Hatua ya 3: Mkoba

Usitegemee kuazima. Beba nyuzi seti mbili, waya mbili za gitaa, tyuna ya kubana kichwani, piki nyingi, mkanda wa ziada, ekstensheni yako, betri za pedali (visanduku vya kubadili sauti ya gitaa), testa ya umeme, tochi ya kichwani, na tepu nyeusi ya nailoni. Mpiga dramu abebe fimbo, pedali ya mguu, snea na matoazi yake. Dramu kubwa atazikuta, ingawa kwa hali gani ni swali jingine.

Mambo mawili ya huku ziwani. Unyevu unakula nyuzi. Ukipiga bustani ya wazi karibu na maji, jasho na hewa ile vikikutana usiku kucha, asubuhi unakuta uzi wa kwanza na wa pili vina madoadoa ya kahawia na vinakwaruza kidole. Futa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, kabla hujafunga kasha. Ni dakika moja. La pili ni umeme. Umeme ukikatika, watawasha jenereta, na jenereta ndogo inayobeba spika, taa na friji ya baa haitulii. Pedali za kidijitali hujizima na kuwaka upya katikati ya wimbo. Nenda na pedali chache, zile unazoweza kuziendesha kwa betri.

Na kama utaimba sauti ya pili: kabla mdomo haujagusa maiki, gusisha nyuzi za gitaa lako na kichwa cha maiki. Ukiona cheche au kusikia mngurumo mzito, mwite fundi mitambo, usiimbe. Ukumbi usio na waya wa ardhi unaupeleka umeme kwenye midomo yako, na watu wameumia hivyo.

Hatua ya 4: Mazoezi, ambayo huenda ni moja tu

Usipoteze muda kupiga nyimbo rahisi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Omba vituo na miisho ya nyimbo zote, mara mbili mbili. Simama pale unapomwona mpiga dramu mkono na mguu. Jua nani anatoa ishara, kwa sababu si mara zote ni mwimbaji. Kwenye bendi nyingi ni nyusi za mpiga dramu. Mwishoni muulize kila mmoja swali moja: "Deiwaka aliyepita alikuudhi kwa lipi?" Utapata majibu ya maana kuliko mazoezi yenyewe.

Hatua ya 5: Barabara na maji

Ratiba nyingi za ziara huku zinapangwa na watu wanaotazama ramani bila kulijua ziwa. Wewe mwenyeji una faida hapa, itumie, lakini kwa adabu.

Upande wa mashariki ni mwepesi: Mwanza, Magu, Lamadi, Bunda, Musoma, lami mwanzo mwisho. Mkienda mpaka Kisumu mtavukia Sirari. Uwe na pasipoti au hati ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na orodha ya vyombo vyako yenye namba zilizochapwa kwenye kila kimoja, ionyeshe ukitoka. Usipofanya hivyo, unaporudi unaweza kujikuta unabishana kuhusu ushuru wa gitaa lako mwenyewe.

Upande wa magharibi, Geita, Chato, Muleba hadi Bukoba, umebadilika tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025. Zamani kati ya Kigongo na Busisi gari la bendi lilipanga foleni ya kivuko, na shoo ya saa mbili ilianza saa tano. Sasa ni kilomita tatu za daraja na mmevuka. Geita panga mwisho wa mwezi, mishahara ya migodini ikiwa imeshuka. Meli ya usiku ya Bukoba ikiwa kazini, wapo wanaoipenda kwa kuwa unalala ukisafiri. Mimi naipenda wakati wa kwenda tu, maana inaporudi imejaa mikungu ya ndizi na hakuna pa kulaza gitaa. Popote utakapopanda chombo cha maji, gitaa likae nawe. Lisiende chini na mizigo. Na ziwa likichafuka, nahodha akisema hatuondoki, usiwe miongoni mwa wanaomshawishi kwa sababu ya shoo. Watu wa huku hatujasahau Mei 1996, MV Bukoba ilipozama.

Sasa visiwani. Meneja wa kutoka mjini atapanga shoo ya Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa kuangalia Jumamosi. Mwenyeji anaangalia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa zinafaa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo mitumbwi inapumzika na wavuvi wanakuwa nchi kavu. Wana pesa za giza lililopita na hawana kazi usiku. Shoo ya kisiwani au mwaloni (pwani wanapotua wavuvi) ikiangukia siku hizo, ukumbi unajaa hata Jumanne. Ikiangukia giza totoro, mtapigia wenye baa na watoto wao, hata ikiwa sikukuu. Nimeona promota akishangaa kwa nini watu hawakuja wakati ziwa lote mbele yake limewaka taa kama mji. Walikuwa kazini. Ukitaka kuheshimiwa na bendi ya wageni, fungua kalenda ya mwezi kabla hawajalipa tangazo.

Kama mnaenda Ukerewe na gari, njia ni Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko kwenda Rugezi. Ulizeni saa ya kivuko cha mwisho siku hiyohiyo, si ya mwaka jana.

Afya, kwa ufupi. Wageni watataka kuogelea ziwani asubuhi baada ya shoo. Wakataze: kichocho kipo, hasa pwani zenye majani na watu wengi. Beba chandarua chako. Usile kitu kigeni siku ya shoo. Sato wa kuchoma na ugali havijawahi kumwangusha mtu jukwaani.

Hatua ya 6: Jukwaani

Wakati wa kupima vyombo, weka sauti yako chini kidogo kuliko unavyotaka. Bendi imezoea sauti ya mtu mwingine mahali pako, na fundi mitambo atakupandisha akiona unahitajika. Mwambie fundi akupe dramu na sauti ya mwimbaji kwenye spika ya kujisikilizia. Gitaa lako mwenyewe utalisikia.

Ukipotea, na utapotea, usitafute noti kwa sauti. Teremsha mkono wa kulia juu ya nyuzi, zinyamazishe, tazama dramu, ingia pigo la kwanza la kipande kinachofuata. Kimya cha baa mbili kinaonekana kama mpangilio. Noti tatu za kubahatisha zinaonekana jinsi zilivyo.

Solo za mwenye nafasi, yaani uliyemshikia, zipige karibu na zilivyo, hasa zile mashabiki wanazoziimba kwa mdomo. Ukipewa nafasi huru, hapo ndipo unaweza kuonyesha ulikotoka. Kipande kifupi cha gitaa safi la dansi, bila distosheni, katikati ya shoo ya roki Mwanza, huleta mayowe. Mara moja tu kwa usiku. Ukirudia unageuka kuwa shoo yako.

Hatua ya 7: Kuishi na bendi

Kwenye gari chukua kiti kilichobaki. Kila bendi ina ugomvi wake wa zamani kuhusu pesa, mwanamke au jina la bendi, na kila upande utataka kukusimulia. Sikiliza, itikia "duh", usirudishe neno. Usimseme mwenye nafasi hata kama wenyewe wanamsema. Wiki ijayo watakuwa ndugu tena na wewe ndiye utakayekumbukwa. Usiweke picha za safari mtandaoni kabla hawajaweka wao, na usijiite mwanabendi kwenye maelezo yako.

Lala. Mwenye bendi anaweza kukesha na mashabiki. Jina lake liko kwenye bango. Wewe unalipwa ili kesho ukumbuke miisho.

Hatua ya 8: Pesa na kuagana

Usiku wa mwisho, mkimaliza kupiga, funga gitaa lako kwanza, lakini usisaidie kubeba spika bado. Mfuate meneja pale promota anapomkabidhi hesabu, simama karibu bila kelele, mwambie, "Bosi, tumalizane kabla hatujapakia." Kama ni kwa simu, subiri ujumbe uingie kwako, usikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu yake. Akiwa na pungufu la kweli, pokea kilichopo, andika kilichobaki na tarehe, atume "sawa" palepale mbele yako. Ukishamalizana naye, beba spika na wenzako hadi ya mwisho.

Kesho yake mpigie simu uliyemshikia nafasi, muulize hali ya mkono, mweleze ni wimbo gani umebadilishwa kii na mwisho gani umeongezwa wakati hayupo. Mpigie picha ile karatasi yako umtumie. Ukifika nyumbani badilisha nyuzi, rudisha gitaa la watu kama uliazima, na mwambie mwalimu wa kwaya kwamba Jumapili upo.